Jinsi ya kufinyanga sura ya mtu ikamgusa anayeitazama

Vijana wanaokuja bandani kwangu Temeke kujifunza kufinyanga sura za watu huwa wanataka kuanzia kwenye machozi. Mdomo umepinda, nyusi zimepanda katikati, tone limeganda shavuni. Nawaambia wafute. Sanamu inayolia imeshamaliza kazi yote peke yake. Aliyesimama mbele yake hana la kufanya zaidi ya kusema "maskini" na kupita. Ukitaka mtazamaji aguswe, mfinyange mtu anayejizuia. Taya limekazwa kidogo, shingo imebeba kitu, macho yako kwingine. Hapo mtazamaji atalazimika kumalizia mwenyewe, na kwa kumalizia atakuwa ameshaingia.

Anayenipa ujasiri wa kusema hivyo ni Käthe Kollwitz, Mjerumani. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa bado changa. Mama huyo akaanza kuwaza sanamu ya kumkumbuka, akaianza, akaiacha, akairudia, hadi ikasimamishwa mwaka 1932. Ni baba na mama waliopiga magoti, kila mmoja juu ya jiwe lake, na leo wako kwenye makaburi ya Vladslo, Ubelgiji. Baba amejikumbatia mwenyewe, mikono imebana kifua, mgongo wima. Mama ameinama. Sura ni za Kollwitz na mumewe Karl. Hawagusani, hawalii, na lile pengo kati ya mawe mawili linauma kuliko kilio chochote ambacho angeweza kukichonga.

Hapa naelekeza kufinyanga kichwa na mabega kwa udongo, ukubwa wa mtu halisi. Mpingo na mawe vina mafundi wake na mimi si mmoja wao. Nimekulia Kyela, jirani na Wakisi wa Ikombe, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Karibu kila ninachokijua kuhusu udongo kimetoka kwao. Habari ya mifupa ya uso na misuli niliitafuta baadaye.

Mtu kwanza

Usianze na picha ya simu. Simu ikimsogelea mtu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, tena inakupa upande mmoja tu, na wewe unahitaji pande zote pamoja na utosi. Zaidi ya hapo, picha haikuonyeshi mtu anafanyaje anaposikiliza.

Tafuta mtu ambaye ungependa kukaa naye hata kama usingekuwa na udongo. Si lazima awe mzuri wala maarufu. Katika miaka ya 1860 Auguste Rodin, mchongaji Mfaransa, akiwa fukara, alimfinyanga kibarua mmoja wa Paris aliyevunjika pua. Banda lake lilikuwa na baridi kiasi kwamba udongo uliganda na kisogo kikadondoka. Akapeleka uso uliobaki kwenye maonyesho makubwa ya pale, wakaukataa. Leo ndiyo kazi ambayo watu wanaitaja wakieleza Rodin alianzia wapi.

Nitatumia mfano wa mzee mmoja jirani yangu, kuli mstaafu wa bandarini. Siku za mwanzo sikugusa udongo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo utanikaanga upande gani?" Nikakaa na daftari na chai, nikamwacha aongee. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo ukisema naye hukuletea la kulia: kichwa kinageuka kidogo, kidevu kinasogea mbele, mdomo unaachia upenyo mdogo sana. Akizungumzia bandari, bega la kulia linashuka kabla ya maneno kutoka. Ni bega la magunia. Hilo ndilo nililolifinyanga, yaani mzee anayesikiliza kwa bidii. Wageni wakifika mbele ya sanamu ile huinamisha vichwa vyao bila kujijua, upande uleule, na wengine husogea karibu kana kwamba zamu yao ya kusema imefika. Mwili wa mtazamaji ukianza kumwiga yule wa udongo, kazi yako imefanikiwa.

Basi unapokaa na mtu wako, tafuta kitu kimoja cha namna hiyo. Anashikiliaje kichwa? Nini kinamchosha? Anapotaka kusema jambo zito, ni kitu gani usoni kinatangulia kusogea? Kiandike kwa maneno kabla hujakichora, maana mkono unapenda kurembesha.

Na mkubaliane mapema, kwa uwazi. Sanamu itakaa wapi, itauzwa au haitauzwa, yeye atapata fungu gani, na kwamba ana haki ya kukataa hata siku ya mwisho. Mlipe posho ya siku anazokaa, kwa sababu mama lishe akikukalia asubuhi nzima amepoteza mauzo ya chai na vitumbua. Nimeona sanamu nyingi za "umaskini wa Afrika" ambazo mwenye sura hakuambiwa kitu, na mimi zinanikera. Huwezi kudai kumwonea mtu uchungu huku unamwibia uso. Halafu, hapa pwani wapo wasiotaka sanamu ya mtu kabisa kwa sababu ya dini yao. Usibishane nao. Shukuru, kunywa kahawa, tafuta mwingine.

Udongo na kiunzi

Kwa kichwa cha ukubwa wa mtu na kipande cha mabega, andaa kama kilo 20 za udongo wa wafinyanzi. Uloweke mpaka ulainike, uchuje mizizi na kokoto, uanike juu ya magunia hadi usigande mikononi. Kisha changanya vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa, saizi ya chenga za mchele, kwa makisio ya fungu moja la vigae kwa matano ya udongo. Vigae vinaufungua udongo ili unyevu upate njia ya kutoka. Bila hivyo kichwa kinene kitapasuka. Kanda mpaka viputo vya hewa viishe. Ukitaka kujaribu, viringisha kijiti cha udongo unene wa kidole, ukizungushe kidoleni. Kikipasukapasuka, ongeza maji au punguza vigae.

Kiunzi ni ubao wa sentimita 40 kwa 40 uliopigiliwa mti wima wa kama sentimita 30. Juu ya mti funga donge la magazeti lililokazwa kwa mfuko wa nailoni na kamba. Donge hilo litaokoa udongo, na baadaye utalitoa. Kama kazi itachomwa, usizike waya wala misumari ndani ya kichwa, kwa sababu udongo unaponywea na chuma hakinywei, mmoja atavunjika na si chuma. Chini ya ubao nimeweka mguu wa kiti kibovu cha ofisi, unazunguka vizuri kuliko vyote nilivyowahi kununua.

Weka kichwa cha udongo kwenye kimo kilekile na kichwa cha mtu wako, bega kwa bega, wewe ukiwa umesimama. Ukikaa chini utamfinyanga mtu anayekutazama kwa juu bila kukusudia.

Mfupa kabla ya ngozi

Chukua vipimo kwa bikari kubwa ya mbao, na uvianzie vyote kwenye tundu la sikio, kwa sababu halisogei mtu akicheka. Kutoka tundu la sikio hadi ncha ya pua, hadi kidevu, hadi kati ya nyusi. Ongeza upana wa kichwa juu ya masikio, na urefu kutoka kidevu hadi utosi. Kwa mtu mzima macho hukaa karibu katikati ya urefu huo. Wanaoanza hawaamini, huyapandisha hadi kwenye paji la uso, na ubongo unakosa pa kukaa. Kisogo nacho hukifanya kidogo mno. Ongeza udongo nyuma, ukidhani umetosha ongeza tena.

Vitabu vingi vya ufundi huu vimetungwa Ulaya na vipimo vyake vya pua, midomo na taya vimetoka kwa watu wa kule. Mpime mtu wako, kitabu ukiweke kando. Ukitaka kuona jinsi Waafrika walivyozisoma sura za majirani zao, tazama mapiko ya Wamakonde, vile vinyago vya kuvaa kichwa kizima kama kofia, vingine vikiwa vimebandikwa nywele halisi za binadamu. Kuna mapiko ambayo huhitaji kuambiwa kwamba yule alikuwa mtu fulani.

Jenga fuvu, taya, mifupa ya mashavu, mashimo ya macho. Zungusha kila mara. Ning'iniza timazi, uzi wenye nati mwishoni unatosha, uone pua imeegemea wapi kuhusu kidevu na shimo la shingo. Usimalizie jicho moja wakati kisogo bado hakijakuwepo.

Sasa funika nusu ya uso wa mtu wako kwa karatasi, kisha funika nusu nyingine. Utaona watu wawili. Jicho moja dogo kuliko lingine, pembe moja ya mdomo imeshuka, shavu moja limechoka zaidi. Tofauti hizo zimetokana na maisha, na fundi mwenye haraka huzisawazisha zote halafu akashangaa sanamu yake inafanana na mdoli wa dukani. Kwa yule mzee, misuli ya upande wa kulia ilikuwa imejikunja kuzunguka jicho kwa sababu huko ndiko amekuwa akielekeza usikivu miaka yote. Makunyanzi uyachore mwishoni kabisa, na kila moja ujue limevutwa na nini. Ukiyapanga kama mapambo yatabaki mistari tu.

Macho

Hapa usiwe na haraka. Viringisha vidonge viwili vya udongo, upana wa sentimita mbili na nusu hivi, uviweke ndani ya mashimo. Kope ya juu iwe kipande chembamba kinachovikwa juu ya kidonge, kiwe na unene wa kuonekana, kitoe kivuli. Kope ya chini iingie chini yake kwenye pembe ya nje. Kisha panda kwenye kigoda utazame kwa juu: pembe ya nje ya jicho iko nyuma sana kuliko ya ndani. Ukiyabandika macho bapa usoni, hakuna huzuni wala furaha itakayokaa humo.

Siri kubwa iko kwenye kope ya chini. Watu hudhani wasiwasi uko kwenye nyusi, lakini nyusi ni rahisi kuzidanganya. Mtu anayejizuia hukaza kope ya chini, inanyooka kidogo na kupanda. Kiasi ni cha kushangaza kwa udogo, unene wa ukucha tu. Fanya, rudi nyuma hatua tano, tazama. Imezidi? Bonyeza kwa kidole chenye maji.

Kwa mboni, nafuata hila ya Jean-Antoine Houdon, Mfaransa wa karne ya 18. Alitoboa mboni kwenye marumaru lakini ndani ya tundu akaacha kipande kidogo kishike mwanga. Ndiyo maana sanamu yake ya mwandishi Voltaire inaonekana iko karibu kukujibu. Kwenye udongo, chimba kwa kijiti cha mwanzi na uache punje moja kwenye ukingo wa juu. Hakikisha macho yote mawili yanatazama kitu kimoja. Weka kikombe ukutani kwa mbali na uvute mistari miwili ya uzi mpaka hapo.

Mimi napenda mtazamo ulioshuka kidogo na kwenda pembeni. Sura inayokukodolea hukutia aibu, unaondoka mapema. Isiyokutazama inakuruhusu ukae nayo. Lakini usiyashushe macho mno, mtu wako ataanza kufanana na ombaomba wa kwenye mabango ya misaada, na hakukuomba kitu.

Mdomo una maneno machache. Usichore mstari kati ya midomo miwili. Ikutanishe kama mito miwili inayogusana, na pembe zizame ndani. Mwambie mtu wako afikirie jina la mtu asilitamke. Ule mdomo ulioko kabla ya jina ndio unaoutaka.

Shingo na mabega

Wengi hukata sanamu chini ya kidevu. Hasara kubwa. Shingo haisimami wima kama nguzo, inatoka mgongoni ikielekea mbele, na msuli ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga ndio unaoonyesha kichwa kinageuzwa au kimegeuka chenyewe. Kwa mzee wangu msuli wa upande mmoja ulisimama kabisa. Bega moja likashuka sentimita mbili hivi. Mtu asiyejua habari za bandari akiliona hilo bega anajua limebeba.

Kwamba mwili unasema hata uso ukinyamaza, ushahidi uko Nairobi. Kwenye kumbukumbu ya waathirika wa mateso ya ukoloni iliyozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, kazi ya Kevin Oduor, mwanamke anampa mpiganaji wa Mau Mau chakula na hawatazamani. Hatari yote ya enzi ile iko kwenye namna vichwa viwili vilivyogeuziana visogo huku mikono ikikutana.

Ukimaliza, usilainishe kila mahali. Kuzunguka macho na mdomo nasafisha kwa kitambaa kibichi. Mashavuni, nyweleni na kwenye kola ya shati naacha alama za vidole. Sanamu iliyopakwa ikang'aa yote inanifanya nifikirie sahani.

Mwite mwenye sura kabla ya moto

Udongo ukiwa bado mbichi, mwite aje aone na aguse. Usimsimamie pembeni ukieleza. Mzee wangu aliizunguka mara kadhaa, akapapasa mabega, akacheka. "Mwanangu, sikio ulilolipamba vizuri ndilo lisilosikia." Kweli, la kushoto lilikuwa na kila mkunjo, la kulia likiwa bado donge, kwa kuwa nilikuwa naliacha la mwisho. Akataka pia kofia yake. Hiyo tulijadiliana, kwa sababu kofia ingeficha mapanja, tukakubaliana aishike mkononi siku ya picha.

Kutoa tumbo, kukausha, kuchoma

Udongo ukikazana lakini bado unakatika kwa kisu, kata kifuniko cha utosi kwa waya mwembamba. Toa magazeti, komba udongo wa ndani mpaka kuta zibaki unene wa sentimita mbili hadi tatu, hasa puani na kidevuni ambako udongo hujificha. Chanja kingo kwa uma, paka tope zito la udongo uleule, rudisha kifuniko. Acha tundu chini ili hewa itoke.

Kausha kivulini ndani ya nailoni iliyolegezwa kidogo kidogo. Kiangazi wiki mbili au tatu zinatosha, masika ongeza. Iguse kwenye shavu: ikiwa bado baridi, ina maji. Maji yaliyobaki hugeuka mvuke moto ukifika nyuzi 100, na mvuke ukikosa njia utakuvunjia pua kwanza. Kwa hiyo anza na moshi, saa nyingi, kuni chache mbali na kazi, ndipo usogeze moto. Moto wa wazi wa vyungu ni mkali kwa kitu kinene hivi. Mimi huwaomba wachoma matofali waniachie nafasi katikati ya tanuru, nailipia kama matofali kadhaa, na napanga vigae pande zote ili mwali usiipige moja kwa moja.

Usipopata tanuru, tengeneza kalibu ya jasi ya vipande viwili juu ya udongo mbichi, ipake sabuni, kisha mwagia saruji fungu moja kwa mchanga laini matatu pamoja na waya ndani. Ni nzito na inapoteza alama ndogo za kope, lakini inastahimili mvua.

Kuiweka mbele za watu

Kimo cha kuiweka kinaweza kuharibu yote uliyofanya. Rodin alipowafinyanga wale raia sita wa Calais, mji wa Ufaransa, waliojitoa wauawe ili mji wao upone, alitaka wawekwe chini, usawa wa wapita njia. Mwaka 1895 mji ukawapandisha kwenye msingi mrefu, wakashushwa baadaye sana. Kwa kichwa kimoja, macho yake yawe usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kawaida, au chini kidogo.

Kuna mahali pamoja ninapojua ambapo kuvunja kanuni hiyo kumesaidia. Mkunazini, Unguja, kando ya kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Clara Sörnäs wa Sweden alisimamisha watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kazi ni ya mwaka 1998. Wewe uko juu, unawatazama kwa chini, na baada ya muda unatambua kwamba umesimama aliposimama mnunuzi. Nenda ukakae pale asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika, utazame shingo.

Mwanga utoke juu upande mmoja, dirisha linatosha. Taa ya chini inatisha watoto.

Kibao cha maelezo kiwe na jina kama mwenyewe anavyotaka kuitwa na kazi aliyoifanya. Usiandike "Huzuni" wala "Mateso ya Mzee". Yule wangu alichagua jina alilokuwa akiitwa na makuli wenzake na namba ya gati alilopakulia mizigo, basi. Na kama imeuzwa, mpelekee fungu lake siku hiyohiyo, pamoja na picha moja iliyochapishwa vizuri, siyo ya kutumwa kwa simu.